Naomba ushauri: papa wa mpingo wa babu anapasuka huku Dodoma

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi kijijini huko Kilwa, mtu wa dema na mshipi, siku za upepo mkali haendi baharini anakaa chini ya mwembe na tezo yake anachonga, samaki, miko, hadi vingalawa vya sisi wajukuu kuchezea. Katutoka mwaka jana. Kilichobaki kwangu ni papa mmoja wa mpingo alionichongea nikiwa darasa la tatu, alama za tezo bado unazisikia ukipitisha kidole.

Sasa nimekuja nae Dodoma kikazi, na huu ukavu na upepo wa huku ameanza ufa mgongoni, kila wiki naona unarefuka. Pwani kwenye unyevu hakuwahi kupasuka jamani. Jirani anasema nipake mafuta ya nazi, seremala mmoja anasema nijaze gundi na unga wa mbao, ila mimi naogopa maana mvua zikianza Desemba mbao si itavimba tena?

Mnaotunza vinyago mikoa hii ya kati mnafanyaje, ufa niuzibe au niuache? Msasa sitaki kabisa, zile alama ndo mkono wa babu wenyewe.