Kushona: kituo, fundi, ao video?

Furaha wa Bagira: Jambo kwenu wote. Mwezi ujao nataka kuanza kujifunza kushona, feza iko kidogo. Niende kituo cha mafunzo, niingie kwa fundi wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, ao video za simu zinatosha? Munishauri.

Papa Mushi: Kushona nini, dada? Blauzi ya libaya, suti, uniforme? Mashine uko nayo? Nafasi unapata saa ngapi?

Nyawera: Kituo tu. Kule unaanza na vipimo, patroni ya kuchora kwenye karatasi, kukata. Mafundi wengi wanaficha kukata, njo mkate wao.

Mama Neema: Kweli kabisa. Miye nililipiwa kwa fundi mmoja, simtaji. Nikadhani nitakalia mashine. Wapi! Kuwasha makaa ya pasi, kutumwa vifungo sokoni, kubeba mtoto wake. Kukata alikuwa anakata usiku, tukiisha kwenda. Noeli ikafika, kikwembe cha mteja kikapotea, nikaambiwa miye njo nilipe! Mama akaja kunitoa na maneno yake, mtaa mzima ukasikia.

Fundi Kasi: Basi sisi wote wezi? Kwangu mwanafunzi anaanza na karatasi ya mfuko wa simenti, sindano bila uzi, mpaka mguu uzoee pedali. Ndipo kitambaa. Muandikiane kabla: mwezi gani anashika mkasi.

Mwalimu Ibanda: Popote uende, nusu saa kila siku inashinda Jumamosi nzima. Mjerumani Ebbinghaus, mchunguzi wa kumbukumbu, aliliandika 1885: marudio yaliyogawanywa kwa siku yanakaa kichwani kuliko ya mkupuo. Na video, ukiisha kuitazama, funga simu, chora mkono wa libaya peke yako, halafu linganisha. Kutazama tu kunakudanganya kwamba umejua.

Papa Mushi: Ebbinghaus alikariri silabi, hakuweka zipu 😄

Mwalimu Ibanda: Zipu nayo inasahaulika, papa.

Nyawera: Anunue mashine ya umeme, amalize.

Fundi Kasi: Umeme wa Bagira unaujua? Ya kukanyaga!

Furaha wa Bagira: Asanteni. Ni libaya na nguo za watoto. Mashine sina, na nafasi ni jioni tu.

Papa Mushi: Jioni?! Ungesema mapema. Vituo ninavyovijua ni vya asubuhi.

Mama Neema: Kasi, hiyo ya kukanyaga unauza? Meza yake iko nzima?

Fundi Kasi: Nzima, mama. Mkanda tu umechoka. Pita uione.