Kisukari na retina: ni nini hasa kinacholinda seli za jicho?

MuuguziKliniki ameuliza:

Wadau, salaam. Naomba mwongozo kwa wenye ujuzi wa macho. Hii ni kliniki ya kisukari ngazi ya kituo cha afya: glukomita ipo, mashine ya presha ipo, damu ya HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3) inapelekwa hospitali ya wilaya. Mtaalamu wa macho hayupo. Wagonjwa wananunua vidonge "vya kulinda retina" (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) vyenye luteini, zinki na vitamini E. Je, vinasaidia kweli? Kuna dawa nyingine ya kumeza yenye ushahidi? Na mtu anayekuja na HbA1c ya 13%, kumshusha haraka kunaokoa macho au kunayaharibu? Majibu ninayopata yanapingana.

TabibuMboni amejibu:

Hela ya vidonge hivyo wanunulie vijiti vya glukomita. Mchanganyiko huo ulifanyiwa utafiti kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule wa makula (kitovu cha retina kinachoona vitu kwa uwazi) kuchakaa kwa uzee. Kwa retina ya kisukari haujathibitika. Na wakikuta kopo lenye beta-karotini, mvuta sigara asiliguse, kwa sababu inamwongezea hatari ya saratani ya mapafu.

Tazama seli zinavyokufa. Sukari ikipanda kwenye damu, seli za retina haziwezi kuizuia isiingie. Ikizidi ndani, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zinazalisha kemikali kali za oksijeni, sukari nyingine inageuka sorbitoli, nyingine inajibandika kwenye protini na kuziharibu. Kwenye mishipa, wanaotangulia kufa ni perisaiti, seli zinazoukumbatia mshipa mdogo kwa nje. Ukuta uliobaki bila perisaiti unatoa vivimbe vidogo (ndivyo vile vinukta vyekundu kwenye picha ya jicho), unavuja maji na mafuta, mwisho mshipa unaziba. Sehemu iliyokosa damu inamwaga VEGF, protini inayochochea mishipa mipya kuota. Mishipa hiyo ni dhaifu, inavuja damu katikati ya jicho. Seli za neva nazo huweza kuanza kuumia kabla hujaona kinukta hata kimoja.

Kwa hiyo kinga inaanzia kwenye damu. Utafiti wa DCCT uliotolewa 1993, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya 1, ulionyesha udhibiti mkali wa sukari unapunguza kwa 76% uwezekano wa tatizo la retina kuanza. Presha watu wanaidharau. Katika utafiti wa UKPDS wa Uingereza (1998), kwa wagonjwa wa aina ya 2, kundi moja lilikuwa na wastani wa 144/82 na lingine 154/87. Tofauti ya kumi tu hiyo juu, lakini kuzorota kwa retina kulipungua kwa 34%. Leo tunalenga chini ya 130/80, ikipimwa mgonjwa akiwa amekaa dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Ukimpima mtu aliyetoka kupanda ngazi unatibu ngazi.

MfamasiaPwani amejibu:

Kwenye dawa ya kumeza, ipo moja ambayo kliniki nyingi haziitumii: fenofibrate. Ilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya damu, lakini faida yake kwa retina haionekani kutegemea mafuta kushuka. Tafiti mbili za mwanzo, FIELD na ACCORD Eye, ziligusia hilo. Kisha utafiti wa LENS wa Scotland, uliotolewa 2024, ukaiangalia retina moja kwa moja kwa watu 1,151 wenye madhara ya mwanzo: waliozorota au kuhitaji tiba ya jicho walikuwa 22.7% kwa waliomeza fenofibrate, dhidi ya 29.2% kwa waliomeza kidonge kitupu.

Dozi ni mg 145 mara moja kwa siku. Kile cha mg 160 au 200 kimezwe na chakula, la sivyo hakifyonzwi vizuri. Kabla ya kuanza pima kreatinini (kipimo cha figo) na vimeng'enya vya ini. Figo zikiwa chini ya 30 kwa eGFR (kiwango cha uchujaji wa figo), usimpe. Zikiwa zimepungua kiasi, LENS walitoa kidonge siku moja na kuruka siku inayofuata. Kreatinini itapanda kidogo wiki za mwanzo na hushuka dawa ikiachwa. Wengi huogopa hapo na kuikatiza bila sababu, ila ikiendelea kupanda, simamisha. Mwenye mawe ya nyongo hapewi. Inaweza kwenda pamoja na statini (dawa za kushusha kolesteroli), mgonjwa akijua kuripoti maumivu ya misuli. Usiibadilishe kwa gemfibrozil kwa kuwa ni "jamaa yake": hiyo pamoja na statini inaweza kuyeyusha misuli na kuua figo.

Ni dawa ya hatua za mwanzo. Haichukui nafasi ya leza wala sindano za ndani ya jicho zinazozuia VEGF.

Dkt_wa_Sukari amejibu:

Suala la kushusha haraka. Majibu yanapingana kwa sababu yote yana ukweli. Katika DCCT hiyohiyo, retina ilizorota mwaka wa kwanza kwa 13.1% ya waliodhibitiwa vikali, dhidi ya 7.6% ya waliopata tiba ya kawaida. Lakini baada ya hapo waliodhibitiwa wakawapita wenzao kwa mbali. Wanaodhurika mwanzoni ni hasa wenye HbA1c ya juu kwa muda mrefu na retina ambayo tayari imeharibika. Semaglutide, dawa ya kushusha sukari, nayo ilionyesha jambo hilo katika utafiti wa SUSTAIN-6: matatizo ya retina 3.0% kwa walioitumia dhidi ya 1.8% kwa waliopewa dawa tupu.

Kwa hiyo huyo wa 13% apigwe picha ya retina kwanza, au ndani ya wiki chache za kuanza tiba. Ikiwa safi, endelea bila woga. Ikiwa na madhara makubwa, leza au sindano iende sambamba na insulini, na jicho litazamwe kila miezi 3 kwa miezi 6 hadi 12. Mwenye kiu kali, anayekonda na mwenye ketoni (asidi zinazojitokeza insulini ikikosekana) huyo hasubiri picha, insulini leo.

MuuguziKliniki:

Nimeelewa. Wengine wana selimundu, na HbA1c zao zinarudi nzuri kupita kiasi.

Dkt_wa_Sukari:

Usiziamini. Chembe nyekundu zikiishi muda mfupi hazipati nafasi ya kubeba sukari, hivyo namba inadanganya kwa kushuka. Aliyeongezewa damu karibuni naye vivyo hivyo. Upungufu wa madini chuma hufanya kinyume, unaipandisha. Hao wafuatilie kwa glukomita: kabla ya kula 4.4 hadi 7.2, saa moja hadi mbili baada ya kula chini ya 10 mmol/L. Aliyezoea mg/dL azidishe kwa 18. Na mwenye selimundu apelekwe macho hata sukari ikiwa nzuri, maana ugonjwa huo pia unaziba mishipa ya retina.

TabibuMboni:

Kuhusu ratiba: aina ya 2 anapimwa siku anayogundulika, aina ya 1 kuanzia mwaka wa 5, kisha kila mwaka. Mjamzito mwenye kisukari tangu awali, trimesta ya kwanza, kisha afuatiliwe. Mboni ipanuliwe kwa matone ya tropicamide 1%. Mwambie aje na mtu wa kumsindikiza, ukungu utamkaa saa kadhaa na asiendeshe bodaboda. Asiyeweza kurudi kila mwezi mwambie daktari wa macho mapema, kwa sababu kwa mishipa mipya leza inaweza kumfaa kuliko sindano: mgonjwa wa sindano akipotea miezi kadhaa, mishipa inarudi kwa nguvu.

Na kwa kuwa huna kamera, toboa kadi ngumu kitundu cha milimita 1 hivi. Mgonjwa asome chati mita 6, jicho moja moja, kwanza bila kadi kisha kupitia kitundu. Akiona vizuri zaidi kupitia kitundu, mara nyingi ni lenzi iliyovimba kwa sukari au anahitaji miwani, na miwani asipimiwe hadi sukari itulie wiki 4 hadi 6. Asipobadilika, fikiria makula iliyovimba au mtoto wa jicho, mwandikie rufaa. Akisoma chati yote bado haimwondolei picha ya mwaka. Anayeona pazia, masizi yanayoelea ghafla au giza la upande mmoja huyo anapelekwa kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.