Kesi ya Arshad Sharif: mtu wa kawaida anaweza kuhukumu kwa haya tunayoyajua?

mtoto_wa_likoni

Salaam wakubwa. Tangu Jumapili mimi na kaka yangu mkubwa hatusemezani vizuri, na chanzo ni marehemu Arshad Sharif, yule mwandishi wa habari wa Pakistan aliyepigwa risasi na polisi wetu huko Kajiado usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022. Kaka anasema ni mauaji ya kupangwa, basi, na anayesita ni mwoga. Mimi namwambia ushahidi hautoshi: video hatujaiona, na polisi wenyewe maelezo yao yamebadilika. Akanijibu mbele ya watoto kwamba kwa akili yangu hii hakuna askari atakayewahi kupatikana na hatia. Liliniuma, maana naona lina ukweli. Je, raia afanyeje? Anyamaze mpaka kila kitu kijulikane?

karani_mstaafu

Mwanangu, nimekaa miaka mingi kortini nikishughulika na maneno ya mashahidi, kwa hiyo nitakujibu nilivyozoea. Nyinyi mnagombania maswali mawili mkidhani ni moja. La kwanza: polisi walikuwa na haki ya kufyatua? La pili: kuna aliyewatuma?

Hilo la kwanza halihitaji video. Chukua maelezo ya mwanzo ya polisi, uyaamini yote. Walisema wanatafuta gari lililoibwa Pangani, Nairobi. Wakaweka kizuizi cha mawe, gari likapita bila kusimama, wakalimiminia risasi. Kisha wakakiri kwamba halikuwa gari lenyewe. Lililotafutwa lilikuwa Mercedes Sprinter, yale marefu ya kubebea abiria. Walilolipiga ni Toyota Land Cruiser.

Sasa fungua Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Bunduki ni pale njia nyingine zimeshindikana, hasa kuokoa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini papo hapo. Kuna kifungu cha kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke, lakini Sharif, aliyekuwa abiria tu ndani ya gari lile, hapa kwetu hakuwa ameshtakiwa kwa lolote. Kutosimama kizuizini peke yake si ruhusa ya kuua. Kwa hiyo, hata ukiyakubali maneno yao bila kupunguza neno, bado hawatoki.

Baadaye likaja jingine, kwamba risasi ilitoka ndani ya gari na askari mmoja wa GSU, kile kikosi maalum cha polisi, akajeruhiwa mkono. Nimeona maelezo mengi ya aina hii yakifika mezani, na naliogopa sana jambo zito linalochelewa. Mwenzako akipigwa risasi, hicho ndicho kitu cha kwanza utakachokisema.

Tarehe 8 Julai 2024 Jaji Stella Mutuku wa Mahakama Kuu ya Kajiado aliamua kwamba ufyatuaji ule ulikuwa kinyume cha sheria na katiba, akaamuru familia ilipwe fidia ya Sh10 milioni, na uchunguzi wa maafisa ukamilishwe. Hakungoja siri zote zifichuke. Hapo kaka yako anakushinda.

La pili ni mzigo mwingine. Sharif aliikimbia Pakistan Agosti 2022 akiandamwa na mashtaka ya uchochezi, na wachunguzi waliotumwa kutoka kwao walisema katika ripoti ya Desemba mwaka ule ule kwamba ni mauaji ya kupangwa. Hiyo inatosha kudai uchunguzi usizimwe. Lakini mtu kuwa na maadui si ushahidi wa nani aliyempa nani amri. Hapo wewe ndiye unayemshinda kaka.

dereva_wa_magadi

Naongeza moja. Mimi naendesha barabara hizo za vumbi za Kajiado usiku. Ukikuta mawe yamepangwa njiani gizani, hakuna taa wala gari la polisi lenye rangi, unawaza wakora, na unakanyaga mafuta. Mimi singesimama. Wanaouliza "kwa nini dereva hakusimama" hawajapita huko saa nne usiku.

karani_mstaafu

Asante dereva. Hilo ni la kuulizwa kortini kabla ya yote: askari walijitambulisha vipi? Kizuizi ambacho mtu mwema hawezi kukitofautisha na cha majambazi, lawama ya kukipita huwezi kumtwika aliyekipita.

mtoto_wa_likoni

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Kinachonisumbua sasa ni kwamba nilikuwa najiita mwenye subira, kumbe ile subira ilikuwa inawafaa polisi tu. Miezi ishirini kabla ya hukumu nilisema "tungoje", na maneno yao wenyewe yalikuwa gazetini siku ya pili. Mzee, na kaka akiniambia hayo ya pili nayo yako wazi?

karani_mstaafu

Marahaba. Mwombe akutajie jina la aliyetoa amri, na amelijuaje. Akikutajia uvumi wa WhatsApp, mpe pole na umsogezee kahawa. Lakini usianzie hapo. Anza kwa kumwambia alipokuwa na haki, tena mbele ya watoto wale wale.

mtoto_wa_likoni

Kesho tunakula kwa mama. Nitaanza na ile Sprinter.