Darubini janja kwa anayeanza kupiga picha za nyota: ipi inatufaa Unguja na Pemba?

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi nasomesha fizikia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, na wazazi wamekubali kuchangia ununuzi wa darubini janja, yaani ile inayojitafutia nyota yenyewe, ikaifuata, ikapiga picha nyingi fupi na kuzirundika mpaka ikatoka picha moja iliyo safi kwenye simu. Fedha tuliyonayo haizidi dola 600 kabla ya usafirishaji na ushuru, kwa hiyo nimebakiwa na tatu za kuchagua: Seestar S50 na Seestar S30, zote za ZWO, pamoja na Dwarf 3 ya DwarfLab.

Kinachonitatiza ni kwamba tathmini nilizozisoma zimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao Nyota ya Kaskazini kwao iko juu sana na wasiwasi wao mkubwa ni betri kuishiwa nguvu kwa baridi. Sisi nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, na baridi hatunayo. Tunayo chumvi, umande na mawingu. Ningependa kujua mambo matatu. Kwanza, je, Dwarf 3 yenye pikseli milioni 8 ni bora kweli kuliko S50 yenye milioni 2 tu? Pili, ule mtindo wa ikweta unaosifiwa sana una faida gani kwetu? Tatu, kifaa kipi kitastahimili hewa ya bahari?

Mpiga Picha wa Jambiani

Waalaykum salaam, Mwalimu. Ninayo S50 na nimewahi kuitumia Dwarf 3 ya rafiki kwa muda wa kutosha, kwa hiyo nitaanza na suala lako la kwanza.

Idadi ya pikseli peke yake isikushughulishe. Linalotangulia ni kipenyo cha lenzi, kwa sababu ndicho kinachoamua mwanga unaokusanywa. S50 ina milimita 50, Dwarf 3 ina 35, na S30 ina 30. Ukikokotoa eneo la lenzi utaona kwamba S50 inapokea mwanga maradufu ya Dwarf 3, na karibu mara tatu ya S30. Kwa galaksi hafifu tofauti hiyo huonekana waziwazi, kwani picha ambayo S50 huifikisha mahali pa kuridhisha kwa nusu saa, mwenzake huihitaji saa nzima, na anga letu la mawingu mapande si kila mara hutoa saa nzima.

Linalofuata ni upana wa picha, na hapa Dwarf 3 inaishinda S50 kwa mbali. Lenzi ya S50 ina umbali wa fokasi (yaani kutoka lenzi hadi picha inapoundwa) wa milimita 250 na sensa ndogo, kile kipande kinachopokea mwanga, hivyo picha yake inachukua takriban digrii 1.3 kwa 0.7 za anga. Dwarf 3 ina milimita 150 tu na sensa kubwa zaidi, nayo huchukua karibu digrii 2.9 kwa 1.6. Ukitaka kupiga Kilimia, ambacho kinatanda kwa karibu digrii 2, S50 itakulazimu upige vipande na kuviunganisha, ilhali Dwarf 3 hukipata chote kwa mara moja. Hali ni hiyo hiyo kwa galaksi ya Andromeda na kwa Nebula ya Carina, yaani wingu la gesi na vumbi angani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo zawadi kubwa zaidi ya anga la kusini na ambayo jamaa wa London hawaioni maisha yao yote wakikaa kwao.

Mwezi na jua, kwa upande mwengine, vina upana wa nusu digrii tu. Hapo S50 huvijaza vizuri, na chujio la jua huja nalo ndani ya boksi. Chujio hilo ni lazima, wala si pambo. Darubini ikielekezwa juani bila chujio, sensa huungua. S30 naiweka mwisho, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu tofauti ya bei yake na S50 ni ndogo ukilinganisha na mwanga unaoupoteza. Ni nyepesi, chini ya kilo 2, na inamfaa msafiri. Skuli haisafiri.

Baharia wa Mkoani

Nitalijibu suala la pili, kwa sababu naona watu wengi wa huku wananunua stendi na vifaa vya ziada kwa ajili ya mtindo wa ikweta bila ya kufikiri tuko wapi duniani.

Darubini hizi zina mota mbili: moja huizungusha kulia na kushoto, na nyengine huinua na kushusha lenzi. Nyota hubaki katikati ya picha, lakini picha yenyewe hugeuka polepole kwa sababu anga linazunguka ncha yake, halizungukii utosi wetu, yaani pale juu kabisa ya vichwa vyetu. Programu huzigeuza picha ili zilingane kabla ya kuzirundika, ila pembe za picha hupotea, na ukiacha kila picha iwe ndefu, nyota za pembeni huwa vimstari. Mtindo wa ikweta unaondoa tatizo hilo kwa kuinamisha darubini nzima mpaka mhimili wake uelekee kwenye ncha ya anga.

Sasa angalia hesabu. Mhimili huo huinuliwa kwa digrii zile zile za latitudo ya mahali. Paris ni digrii 49, kwa hiyo darubini huinamishwa kiasi na husimama vizuri. Wete iko digrii 5 kusini ya ikweta na mji wa Unguja digrii 6. Maana yake kwetu mhimili unatakiwa kulala karibu sawa na ardhi, ukielekea kusini, na darubini iwe imelazwa ubavu. Stendi inayokuja na kifaa haikuundwa kwa mkao huo, uzito wote huenda upande mmoja, na upepo wa kusi utaimalizia kazi. Mtu anaweza kujiundia kitako cha mbao kizito, lakini kwa anayeanza sioni haja.

Sioni haja kwa sababu latitudo yetu inatupa kitu ambacho wenzetu wa Ulaya hawana. Kasi ya picha kugeuka inategemea upande unaoutazama: ni kubwa mno karibu na utosi, ni ya wastani kaskazini na kusini, na upande wa mashariki na magharibi halisi hupungua hadi karibu sifuri. Hapa kwetu nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, huchomoza mashariki na kupanda wima, hazipandi kwa mshazari. Kwa hiyo mtu wa Zanzibar anayepiga picha kuelekea mashariki, kitu kikiwa kati ya digrii 30 na 70 juu ya upeo wa macho, hupata karibu faida zote za mtindo wa ikweta bila ya kuinamisha chochote.

Mfano mzuri ni Nebula ya Jabari. Iko digrii 5 na nusu kusini ya ikweta ya anga, kwa hiyo Wete inapita utosini kabisa. Wageni husema kwamba kitu kikiwa juu zaidi ndipo picha huwa bora, kwa sababu hewa ni chache. Kwa darubini ya mota mbili, utosi ndipo mahali pabaya: mota ya mzunguko hulazimika kugeuka kwa kasi isiyowezekana, na Seestar huacha kufuata kitu kinapokaribia kabisa kilele. Ipigeni Jabari jioni za Januari ikiwa bado inapanda, pumzikeni inapopita juu, kisha mwendelee ikishuka magharibi. Kwa vitu vya kusini kama Carina, ambayo kwetu hupanda hadi digrii 36 hivi, picha za sekunde 10 zinatosha. Za sekunde 30 zitaanza kuharibu pembe.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni

Nimesoma yote kwa makini, na niwieni radhi kwa kuwa kinyume nanyi kidogo. Mwalimu anasema kifaa ni cha wanafunzi. Darubini hizi tatu hazina pahala pa kuwekea jicho hata moja. Mtoto atakaa gizani akitazama simu, kama anavyotazama simu nyumbani. Tena sayari hazioni vizuri: Zohali pamoja na pete zake, kwenye S50, ni kama pikseli 20 hivi kwa upana, na mtoto aliyeahidiwa pete ataonyeshwa punje ya mchele. Darubini ya kawaida ya kioo, yenye kipenyo cha milimita 130, inauzwa kwa bei ya chini ya hizo, na kwa jicho tupu kwenye lenzi yake pete zinaonekana zimetengana na sayari. Mimi ningewanunulia hiyo.

Mpiga Picha wa Jambiani

Bi Mkubwa, kuhusu sayari umesema kweli tupu. Lakini kwenye darubini ya jicho galaksi ni ukungu wa kijivu, na wanafunzi arubaini wakipanga foleni kuchungulia, wa mwisho atafika kitu kikiwa kimeshatoka kwenye lenzi, kwa sababu darubini hiyo haijifuatishi. Darubini janja hutengeneza Wi-Fi yake, simu kadhaa huweza kuunganishwa, na intaneti haihitajiki uwanjani baada ya kifaa kuwashwa rasmi kwa mara ya kwanza. Faili zake ghafi nazo zinaweza kufanyiwa kazi kwa Siril, programu ya bure, na hapo ndipo mwalimu wa fizikia atapata somo la kutosha kuhusu kelele (zile chembechembe zinazochafua picha) na wastani wake.

Suala la tatu lilikuwa bado. Seestar zote mbili zina kipasha joto kidogo ndani kinachozuia umande kuganda kwenye lenzi. Dwarf 3 haina, na mmiliki hufunga mkanda wa joto unaotumia pawabenki. Kwa visiwa vyetu jambo hili mimi nalipa uzito kuliko pikseli milioni 6 za ziada. Chumvi haina dawa katika kifaa chochote kati ya hivi. Msikiweke ufukweni penye upepo unaotoka baharini, kifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo chumvi na kukamuliwa, lenzi msiiguse, kisha kihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru nyote, na hasa kwa maelezo ya utosi, ambayo nitayafanya kuwa somo la darasa la Kidato cha Tatu kabla hata ya kifaa kufika. Nimeelemea upande wa S50. Yamebaki mawili. Wazazi wameniuliza iwapo darubini hii itasaidia kuutazama mwezi mwandamo, na mimi mwenyewe nataka kujua ni miezi gani nipange ratiba, maana masika sitarajii kitu.

Baharia wa Mkoani

Mwalimu, kuhusu mwandamo usiwape ahadi. Darubini hizi hujua zilikoelekea kwa kupiga picha ya nyota na kuilinganisha na ramani iliyomo ndani. Magharibi, jua likiwa ndiyo kwanza limetua, nyota hazijatoka, kwa hiyo kifaa kinakuwa kinabahatisha, na mwezi wenyewe ni uzi mwembamba kwenye anga lenye mwanga karibu na upeo wa macho, penye ukungu wa bahari. Mwezi wa siku ya pili na ya tatu utaupata bila shida. Kabla ya jua kuzama kabisa msiielekeze huko bila chujio. Ama iwapo mwezi uliopatikana kwa kifaa unahesabiwa, hilo waulizwe wanazuoni.

Ratiba ipangeni kwa pepo. Kaskazi, kuanzia mwisho wa Disemba hadi Februari, ni wakati wa Jabari, Kilimia na Suheli, na jioni za mwanzo wa kipindi hicho Andromeda bado iko upande wa kaskazini. Carina na kishada kikubwa cha Omega Centauri hukaa vizuri jioni za Aprili na Mei, ndani ya masika hasa, kwa hiyo usingojee jioni: Februari na Machi vipo juu usiku wa manane na alfajiri, na wanafunzi wa dakhalia wanaweza kuamshwa kabla ya sala. Kusi, Juni hadi Agosti, hewa ni kavu zaidi, na moyo wa Njia Nyeupe katika Mshale na Nge hupanda juu sana. Nebula ya Lagoon hufikia karibu digrii 70 upande wa kusini. Upepo ndio kikwazo cha msimu huo, basi fungeni miguu ya stendi iwe mifupi kabisa, mkae nyuma ya ukuta wa skuli, na taa ya ukuta huo mumwombe mlinzi aizime.