MREJESHO: Gari la kutumia wakati pikapu iko kwenye matengenezo ya waranti

Wakuu, niliuliza kama muuzaji anaweza kunipa gari jingine wakati pikapu yangu mpya inasubiri gia boksi kutoka nje. Nimepewa! Kitabu cha waranti hakikutaja gari mbadala popote, kwa hiyo kugomba pale kaunta kusingesaidia. Nilifuata ushauri wenu: barua kwa meneja, risiti za gari la kukodi, nakala kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia hulinda walaji. Simu ikaja upesi ajabu. Ombi la kuongezewa muda wa waranti bado wananizungusha.

Wamenipa kigari kidogo, mbuzi hawapandi humo, ila mafuta halili. Nimepiga picha kila mkwaruzo kabla ya kulichukua, na kuhakikisha lina bima kubwa.