Tupeane uzoefu: umeme kwenye nyumba zetu za Tanga, chumvi inatumaliza

Mzawa wa Ngamiani: Wakuu, habari za asubuhi. Jana nimebadilisha soketi ya tatu mwaka huu hapa Raskazone. Kuifungua, ndani kijani tupu, upepo wa bahari umekula shaba yote. Nyumba ya marehemu baba barabara ya 12, swichi zilidumu mpaka tukaoa. Mliojenga karibu na maji mnafanyaje? Hata units za umeme wa LUKU sielewi zinakwenda wapi.

Chuda Kwetu: Mimi kilio changu taa za nje. Holda za chuma zilioza zote, nikaweka za plastiki zenye mfuniko. Mwaka wa pili huu, zipo.

Makorora Damu: Kweli kabisa.

Mama Wawili, Sahare: Ngojeni niseme langu, limenikaa kifuani tangu vuli iliyopita. Bomba la bafuni lilianza kutekenya, ukiligusa na mkono wenye maji unahisi kama sisimizi. Fundi aliyetufungia nyaya akaja, akatazama, akasema ni sakafu, tuvae ndala. Tukavaa ndala miezi miwili! Huku units zinaisha kabla ya siku zake, nikawagombeza watoto kwamba wanaacha tivii.

Jumamosi moja, magharibi imeshaadhiniwa, mwanangu wa darasa la sita kaingia kuoga. Nikasikia kishindo, kisha kimya. Kufungua mlango, mkono umeganda bombani, mdomo unatetemeka, sauti haitoki. Nikanyoosha mkono nimvute. Mama mkwe akapiga ukelele toka ukumbini: "Usimguse! Zima swichi kubwa!" Nikakimbia kuzima, gizani nikamsikia anaanguka. Alipolia ndipo na mimi nikapumua. Tulilala naye hospitali.

Fundi wa pili akachimba nje ukutani. Kibano cha waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kimelika chote, waya unaning'inia. Hita ya maji ya kuogea imetoboka ndani, umeme unavujia kwenye maji.

Makorora Damu: Subhanallah. Pole sana dada.

Fundi Nyaya: Pole mama. Wengine msikie: sakiti breka ya kawaida haiokoi mtu, yenyewe inangoja mzigo mkubwa au shoti. Wekeni ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, ina kitufe cha kujaribia. Na mjue kama kwenu kunavuja: chomoeni kila kitu, zimeni taa zote, tazameni kitaa cha mita. Kikiendelea kupepesa kama kuna mzigo, iteni fundi.

Chuda Kwetu: Shimo la ethi, pale waya unapoingia ardhini, mwagieni chumvi na mkaa, kiangazi ndoo ya maji. Baba alifanya hivyo Pangani miaka yote.

Fundi Nyaya: Chumvi tena? Mwenzio kibano kimeliwa na chumvi na wewe unamwongezea! Mkaa na maji vinatosha.

Chuda Kwetu: Chumvi ndiyo inayopitisha umeme, mkuu. Kasome.

Fundi Nyaya: Ndiyo, na ndiyo inayokula chuma. Baba yako alikuwa na hita ya kuogea?

Chuda Kwetu: Baba yangu muache.

Kaka wa Pongwe: Kwenye units mimi nazima friji usiku.

Bi Mkubwa Mikanjuni: Mwanangu, huyo nguru wako asubuhi unamla au unamwaga? Badilisha globu kwanza. Taa kumi za wati 60, masaa matano kila usiku, ni units 3. Kwa mwezi 90. Nimeweka LED za wati 9, hazifiki 14. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, msiilaumu mita peke yake.

Mzawa wa Ngamiani: Nimetoka kufukua kibano changu sasa hivi. Kinameguka kwa vidole. Nimezima hita, fundi anakuja mchana. Mama Wawili, mtoto anaogaje siku hizi?

Mama Wawili, Sahare: Kwa ndoo na kata. Bafu limeshatengenezwa, ethi mpya, breka mpya, lakini bomba haligusi. Namfungulia mimi.