Mjadala: Je, udahili wa udaktari wa meno Tanzania uwe na mtihani wake?

Ndugu zangu, kuna hoja inayosema kwamba, kwa kuwa Marekani huwapima wanaotaka kusomea udaktari wa meno kwa mtihani maalumu uitwao DAT, nasi tuweke wetu badala ya kutegemea matokeo ya kidato cha sita ya Fizikia, Kemia na Baiolojia peke yake. Wanaoitetea wanasema alama A ya Kemia haituambii kama kijana ana mkono wa kazi. Hilo nalikubali kabisa. Nisilolikubali ni kwamba dawa yake ni DAT.

Tuutazame mtihani wenyewe. Unasimamiwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, unafanywa kwenye kompyuta, na una sehemu nne: sayansi, utambuzi wa maumbo, ufahamu na hesabu. Maswali 100 ya sayansi ni ya baiolojia na kemia, masomo ambayo Baraza la Mitihani tayari linampima kijana wetu wa PCB. Kinachowavutia watetezi, basi, ni sehemu ya maumbo, yenye maswali 90 ya kujibiwa kwa dakika 60, yaani sekunde 40 kwa kila swali. Mtahiniwa anaonyeshwa karatasi iliyokunjwa kisha ikatobolewa, naye aseme matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. Anapewa pembe nne zinazokaribiana sana, azipange kuanzia iliyo ndogo. Maswali haya ni mazuri, lakini yanazoeleka. Anayejiandaa kwa miezi miwili au mitatu, akiwa na programu ya kulipia inayomletea maswali mapya kila siku, hujifunza kuchora haraka jedwali la miraba 16 na kuweka alama kila tundu linapoangukia, hata jibu likamjia bila kuisumbua akili. Ada ya mtihani peke yake inazidi dola 500, na mazoezi hayo yana gharama zake. Tukiuiga hapa, tuisheni zake zitafunguliwa Dar es Salaam kabla mtihani wa kwanza haujafanyika, na kijana wa Kigoma vijijini atakuwa ameachwa nyuma hata kabla ya kuketi kwenye chumba cha mtihani.

Isitoshe, mtihani huo haugusi mkono hata mara moja. Zamani ulikuwa unaugusa: watahiniwa wa Marekani walichonga chaki, hadi zoezi hilo lilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na maswali ya maumbo, na wa Kanada walichonga kipande cha sabuni kwa miaka mingi kabla kipengele hicho nacho hakijafutwa.

Mkono wa daktari wa meno ni jambo zito, tena hujengwa kazini. Anayechonga jino la juu la nyuma mara nyingi halioni jino lenyewe. Anatazama taswira yake katika kioo kidogo alichokishika kwa mkono mwingine, ambamo mbele na nyuma vimegeuzwa, na mkono unapaswa kwenda kinyume na jicho linavyoamuru. Ustadi huo hupatikana kwa miezi ya kuchonga meno ya plastiki kwenye kichwa cha bandia, na ndiyo maana naona fedha za kutunga na kusimamia mtihani mpya zingenunua vichwa hivyo zaidi, ili wanafunzi waanze mapema, na atakayeona kazi hii si yake ahamie kozi nyingine ya afya kabla hajapoteza miaka.

Kama bado tunataka dalili fulani wakati wa udahili, tunayo tayari. Mtihani wa vitendo wa Kemia humtaka mtahiniwa aifungue koki ya bureti kwa utulivu, tone kwa tone, hadi tone moja libadilishe rangi ya myeyusho, lakini alama hiyo humezwa ndani ya daraja la somo zima. Baraza lingeweza kuwapelekea vyuo alama ya vitendo ikiwa peke yake, bila mzazi kutoa hata shilingi ya ziada.

Naomba wanaotaka mtihani mpya watujibu hili kwa kina: ungepima kitu gani ambacho alama hiyo ya vitendo na mwaka wa kwanza wa maabara haviwezi kukionyesha, ungefanyikia mikoa ipi, na ada yake angelipa nani?